Wajukuu wa Bibi Somoe (Chikongola): safari ya Guangzhou, China

Zuhura 19:12 Assalaam alaykum ukoo. Safari ya Mama Shadya na Rehema ya kununua pazia imeiva, katikati ya Oktoba. Hamisi, wewe ndiye uliyefika kule. Waandikie namna ya kutembea mjini. Na usiandike "mkifika mtajua".

Zuhura 19:30 Hamisi naona tiki za bluu.

Ally 19:33 Kuna mechi dada 😂

Mjomba Chande 19:38 Muulizeni kama kule kuna bodaboda wa kukopesha.

Zuhura 19:39 Mjomba naomba.

Hamisi 20:02 Nipo. Kwanza tarehe. Zuhura umeandika katikati ya Oktoba. Maonyesho ya biashara ya Canton, hapo hapo Guangzhou, yanaanza 15 Oktoba mpaka 4 Novemba, wafanyabiashara wa dunia nzima wapo pale, vyumba vinapanda bei. Waende baada ya hapo.

Zuhura 20:03 Hamisi tiketi nimeshaulizia!!

Mama Shadya 20:05 Kuulizia si kulipa. Na mimi Oktoba sina hela, minada ya korosho ndo kwanza inaanza.

Hamisi 20:09 Pili, kikundi hiki mkifika hamtakiona. China WhatsApp, Google na Facebook vimefungwa. Laini ya Tanzania ukiiwezesha kutumika nje inafungua, ila hilo bando litakula mtaji wa pazia. Wekeni WeChat, ndiyo WhatsApp yao, mkiwa hapa hapa Mtwara, maana mara nyingine inataka mtu mwenye akaunti akuthibitishe. Rehema pakua na tafsiri ya Kichina inayofanya kazi bila mtandao.

Ally 20:10 Yaani wiki mbili bila "wote tusome tafadhali"? Na mimi nakwenda 😂😂

Zuhura 20:10 Ally nitakutoa.

Rehema 20:12 Nimepakua kaka. Na kutoka uwanjani?

Hamisi 20:26 Uwanja unaitwa Baiyun. Humo ndani watu watawafuata "taxi taxi", msiwajibu. Fuateni foleni ya teksi nje, mita iwashwe, na mkishuka daini risiti. Ukisahau begi kwenye gari, risiti ndiyo itakayokusaidia kulitafuta.

Sasa sikilizeni hili. Dereva hasomi herufi zetu. Siku ya kwanza nilimwonyesha mmoja jina la mtaa, "Xiaobei", kwenye simu, akaitazama, akanirudishia, akaniambia maneno mengi, tukabaki tunatazamana. Wa pili hivyo hivyo. Nikatembea na begi mpaka viatu vikaniuma. Kesho yake mapokezi hotelini wakanipa kikadi chenye anwani ya Kichina. Nikampa mzee mmoja, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akakisogeza mpaka puani, akasema "Ooo!" Tukaenda moja kwa moja. Kile kikadi nililala nacho. Kila mmoja awe na chake, Rehema na dada, msishirikiane kimoja.

Mama Shadya 20:31 Una kumbukumbu nzuri. Na lile boksi letu ulimpa dereva gani? Naulizia tu.

Fatu Newala 20:32 La 2018?

Mama Shadya 20:32 Kwani kuna jingine?

*Hamisi: ujumbe huu ulifutwa*

Hamisi 20:36 Dada nilishaeleza mbele za watu, pale arobaini.

Mjomba Chande 20:37 Boksi lenyewe bado linatafuta kikadi cha Kichina 😂😂

Ally 20:37 💀

Zuhura 20:38 Jamani habari ya boksi si ya hapa. Hamisi endelea, treni.

Hamisi 20:39 Mjomba anajua njia. Muulizeni yeye.

Zuhura 20:52 Hamisi

Zuhura 21:04 Hamisi bwana

Salma 21:33 🎤 Sauti 1:08. Ni bibi huyu.

Fatu Newala 21:35 Bando langu limekata, andikeni alichosema.

Salma 21:41 Anasema: "Hamisi, mjukuu wangu, malizia ulichoanza. Mtu akipotea ugenini tutamlilia mtu, hatutalilia pazia. Hela ya boksi lile nyingi ilikuwa yangu mimi, na mimi nimesamehe. Chande, wewe ni mkubwa wao." Basi. Hapo kwa Mjomba alinyamaza kidogo. Halafu anasema atawachemshia mizizi ya ming'oko ya njiani.

Salma 21:58 Anauliza mbona kimya, simu imekufa?

Mjomba Chande 22:01 Mwambie mama nimesikia.

Hamisi 22:14 Shikamoo bibi. Nimesikia.

Treni ya chini ya ardhi ni rahisi kuliko teksi mkishaizoea, nauli inaanzia yuan 2. Mashine inakupa kidude cha plastiki cha duara, kama kete ya drafti. Kuingia unakigusisha kwenye geti, kutoka unakitumbukiza kwenye tundu, kwa hiyo msikitupe. Kila stesheni mkoba unapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Laini ya 3 ndiyo inayokwenda uwanja wa ndege, na asubuhi watu wamebanana kama dagaa, msiipande na mizigo. Xiaobei iko laini ya 5. Pale Waafrika wapo na chakula halali kipo, tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako. Kwa nguo, masoko ya jumla yako karibu na stesheni kuu ya reli. Karibu saa sita usiku treni zinaisha.

Malipo ni kwa simu, mpaka muuza matunda. Siku hizi Alipay, programu yao ya malipo, inakubali kadi ya Visa au Mastercard ya nje, Rehema aiunganishe kabla. Noti pia mshike, ziwe ndogo, kwa sababu chenji ni shida.

Zuhura 22:16 Watalala kwa rafiki yako yule, si ndiyo?

Hamisi 22:19 Mimi sijasema hivyo. Wakilala hotelini, hoteli inawaandikisha polisi yenyewe. Wakilala nyumba ya mtu, waende kituoni wenyewe ndani ya saa 24. Wiki ya kwanza hoteli.

Zuhura 22:19 Hoteli nani analipa?

Hamisi 22:25 Na Zuhura, kule wako mbele yetu saa tano. Ukipiga saa mbili usiku, kwao saa saba, watu wamelala.

Ally 22:26 Atapiga tu.

Rehema 22:27 Kaka, na ming'oko?

Hamisi 22:29 Mboga, matunda na mizizi havipiti forodhani. Iliwe ndani ya basi, ikifika Dar iwe imekwisha. Bibi asiambiwe.

Salma 22:30 Nimeshamsomea.

Salma 22:30 Anasema itapita.

Zuhura 22:34 Sawa. Tunahitaji (1) tarehe mpya (2) hela ya hoteli (3) wa kuwapeleka stendi alfajiri. Wote tusome tafadhali.

Zuhura 23:02 Jamani?

Fatu Newala 05:48 Wa alaykum salaam. Bibi kasema nini?

Mama Shadya 06:10 Hamisi. Hiyo Xiaobei inatamkwaje?

Hamisi 06:12 Shao-bei, dada. Nitakurekodia sauti.

Zuhura 06:13 Na tarehe?