Naomba ushauri: kupima planktoni ghuba ya Mikindani

Habari wanajamvi. Tunapanga kupima planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) Mikindani, misimu ya kaskazi na kusi, tuone joto la bahari linavyoziathiri. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini yenye naitrojeni na fosforasi. Planktoni mimea hukosa chakula, na kaboni inayozama nazo hupungua. Ila kaskazi huleta hali hiyo kila mwaka, kwa hiyo msimu mmoja hauthibitishi kitu.

Wavu una mdomo wa sentimita 30, matundu mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukivutwa wima mita 10 unapaswa kuchuja lita 700 hivi, lakini tope la masika likiziba matundu, maji yanapita pembeni na hesabu inaharibika. Tuvute mita 5 tu, au tuchote lita 1 kwa chupa na kuiacha ituame? Mimi naegemea chupa: zilizo ndogo kuliko mikroni 20 hupenya wavu, na ndizo zinazostahimili maji ya moto yasiyo na rutuba.

Pili, Lugol (dawa ya iodini ya kuhifadhi sampuli) tunatia hadi maji yawe rangi ya chai nyepesi, ila ina asidi, inayeyusha maganda ya chokaa ya baadhi ya planktoni. Formalini iliyotiwa boraksi ya kupunguza asidi itafaa? Na tuchukue sampuli wakati wa bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo)?