Naomba ushauri: nataka kumpeleka waifu kulala kwenye karavani ya kizamani huko shamba, nitajuta?

Twiga_Mpole
Wakuu habari za Jumapili. Niende moja kwa moja. Mwezi ujao mi na waifu tunatimiza miaka 10 ya ndoa na nataka kumfanyia sapraizi. Sasa kuna siku nilimkuta anaangalia picha kwenye simu za zile karavani za zamani, vile vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari, zile za mviringo kama yai zilizopakwa rangi mbili, imeegeshwa katikati ya majani, pembeni mti na vitaa vidogovidogo vimening'inizwa, akasema "hapa ndo unalala unasahau na madeni". Nikalishika hilo neno. Nimetafuta nimepata moja inakodishwa, mwenyewe anasema ni ya mwaka 1967 na imekarabatiwa, tunalala siku mbili, tunaikuta imeshaegeshwa hatuivuti sisi. Ila bei yake ni kama ya hoteli nzuri tu na hapo ndo moyo unasita, maana hoteli bafu liko humohumo. Alafu mi ni mrefu, mita 1.90, na mgongo wangu nao una mambo yake. Mtoto wa miaka 5 tunaenda nae hakuna wa kumuachia. Waliowahi kulala kwenye hivi vitu naomba ukweli, picha nimeshaziona za kutosha.

Kaa_Kijanja
Miaka 10 ya ndoa unampeleka mtoto wa watu akalale kwenye bati 😂😂 Mkuu we ni jasiri. Nipo pale nasoma komenti.

MamaPacha
Kaka Twiga usimsikilize huyo. Mi nimelala mara mbili, ya kwanza nililia ya pili nikaongeza siku. Nikwambie tofauti yake ilikuwa nini. Mara ya kwanza tuliuliza mambo ya mchana tu, kuna mandhari gani, kuna meza ya nje, watoto watacheza wapi. Hakuna aliyeuliza usiku unakuaje. Tumefika, ni pazuri kuliko hata picha, jua linazama tumekaa nje kwenye viti, mi nikajiona malkia. Imefika saa tano usiku nauliza kitanda kiko wapi naambiwa umekikalia. Yaani zile karavani za zamani nyingi kitanda unakijenga, unashusha meza katikati ya makochi mawili, unapanga mito juu yake kama fumbo, na katikati ya usiku mto mmoja unateleza kiuno chako kinaingia kwenye ufa. Anayelala upande wa ukuta akitaka kutoka lazima amruke mwenzie. Alafu choo kilikuwa mwisho wa shamba, giza totoro, majani yana umande, na mapacha wangu hawajawahi kubanwa wote kwa pamoja, huyu akirudi yule anaamka.

Mara ya pili nikauliza: kitanda kimeshatandikwa moja kwa moja au kinajengwa, kina urefu gani kwa sentimita, choo kiko hatua ngapi, na njia ina taa. Nikapata jibu nililolitaka nikaenda, nikalala kama mtoto mchanga. Kwa urefu wako we hilo swali la sentimita usiliache hata kidogo.

Fundi_Trela
Mkuu mi hizi ndo kazi yangu, nazikarabati. MamaPacha kaongea vizuri ila kaongelea starehe, mi niongelee usalama maana hapo ndo watu hawaulizi kabisa.

Karavani ya miaka hiyo mara nyingi ni fremu ya mbao, nje imevikwa bati la alumini ndani mbao nyembamba. Adui yake ni maji. Yanaingia kwenye maungio ya paa na kona za madirisha, yanakaa kati ya bati na mbao miaka na miaka huku nje rangi inang'aa kama jana. Ukifika bonyeza kwa kidole gumba chini ya madirisha na kwenye kona. Kukiwa kunabonyea kama mkate basi rangi imeficha uozo. Kwa kulala siku mbili haitakuangukia usiogope, lakini inakuambia mwenyewe ni mtu wa namna gani, aliyepaka rangi juu ya ubovu na mpira wa gesi hajabadilisha.

Gesi sasa. Uliza lini mara ya mwisho mfumo wa gesi ulikaguliwa na mtu wa gesi. Uliza kama kuna king'ora cha kaboni monoksidi NA cha moshi, vyote viwili, ni vitu tofauti. Kaboni monoksidi haina harufu haina rangi, unasinzia tu na huamki. Karavani huwa na matundu ya hewa chini na juu, usije ukayaziba na nguo kwa sababu ya baridi, watu wengi wanafanya huo ujinga. Na jiko la mkaa mlilochomea nyama nje LISIINGIE ndani usiku, hata kama unaona limezima, majivu yale bado yanatoa hiyo sumu masaa mengi. Nimeandika herufi kubwa makusudi.

Kingine, kama mnaenda msimu wa baridi muulize mtungi ni wa propeni au buteni. Buteni ikikaribia nyuzi sifuri haigeuki gesi vizuri, jiko linazimika mtungi umejaa. Propeni inaendelea mpaka kama nyuzi 42 chini ya sifuri huko.

Dada_Shuka
Mi nitakuwa mbaya hapa ila semeni ukweli jamani, hii glampingi si kempingi ileile iliyoongezewa bei na mto wa maua? Mtu amekaa na mgongo wake mbovu mnamshauri aende akajikunje kwenye kopo. Kaka chukua hoteli, mpeleke waifu, hizo karavani muende mchana mkapige picha mrudi.

MzeeKumbukumbu
Dada Shuka hata neno lenyewe ndo lilivyozaliwa, ni kempingi imeunganishwa na neno la Kiingereza la urembo na fahari, kamusi ya Oxford imeliingiza mwaka 2016. Ila tabia yenyewe ni ya zamani. Kule Uingereza daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, alitengenezewa karavani ya kifahari mjini Bristol mwaka 1885 kwa ajili ya kutembea tu, ikiitwa The Wanderer, inavutwa na farasi wawili, na ana mtumishi wake anatangulia mbele na baiskeli ya matairi matatu. Kabla ya hapo aliyekuwa anaishi kwenye gari la kukokotwa ni mtu ambaye maisha yake ndo hayo, sio mtalii. Mwaka 1907 wapenda karavani wa huko wakaanzisha klabu yao kabisa. Huko Marekani nako Wally Byam akaanza kutengeneza karavani za Airstream mwaka 1931, zile za kung'aa kama risasi mnazoziona kwenye picha mpaka leo.

Kaa_Kijanja
Mzee wangu shikamoo, ila mwenzetu anauliza habari ya mgongo 😂

MzeeKumbukumbu
Marahaba. Mgongo utapona, elimu itabaki.

Kipepeo_wa_Usiku
Kuna kitu hamjamwambia, UMEME. Sisi tulikuwa marafiki wanne, mmoja amewasha birika, mwingine anakausha nywele, hita inaunguruma, paap giza. Umeme wa kwenye maeneo ya karavani sio kama wa nyumbani, sehemu nyingi unapewa ampea 10 au 16, kwingine 6 tu. Piga hesabu, ampea 10 mara volti 230 ni wati 2300. Birika la nyumbani peke yake linaweza kula 2000 na zaidi, ukiwasha hita juu yake umeme unajikata. Na swichi kuu ilikuwa kwenye nguzo mbali, mwenyewe kalala, tukakaa na tochi za simu mpaka asubuhi. Kwaiyo ni kitu kimoja kimoja kwa zamu, na muulize kabisa swichi ikijikata unairudisha wapi.

Alafu asubuhi utakuta madirisha yanatiririka maji kwa ndani, usidhani paa limevuja, ni pumzi zenu. Watu watatu kwenye chumba kidogo cha bati lenye baridi mnatoa maji mengi usiku kucha. Acha kidirisha wazi kidogo hata kama kuna baridi, na nguo za kesho usiziegemeze ukutani.

Twiga_Mpole
Wakuu nashukuru sana, nimechukua maswali yenu yote nikampigia mwenye karavani jana. Majibu haya hapa. Kitanda kikubwa kimeshatandikwa, hakijengwi, ila urefu ni sentimita 183. Mi ni 190, si unaona wenyewe. Mtoto analala kwenye kile kitanda cha turubai kinachofunguliwa juu ya kochi. Choo kiko nje kama hatua 30, kile cha kumwagia maranda ya mbao badala ya maji, bafu la maji moto liko hapohapo. Umeme ampea 10. Gesi ilikaguliwa mwaka huu, karatasi amesema atanitumia. King'ora cha moshi kipo. Cha kaboni monoksidi akacheka akasema "hiyo haihitajiki, miaka yote hakuna aliyewahi kupata tatizo".

Fundi_Trela
Hilo jibu la mwisho limeniudhi mkuu. Atakayepata tatizo hilo hatompigia simu kumwambia. Nunua chako cha betri, ni kidogo kama kibao cha sabuni, kinaingia kwenye begi, jaribu kitufe chake kabla ya kuondoka. Na hicho cha moshi ukifika kibonyeze kilie. Kama hicho cha kaboni kitalia usiku mnatoka nje wote hapohapo, sio kufungua dirisha na kurudi kulala.

Kitanda cha turubai cha mtoto angalia zile pini mbili za chuma zimeingia mpaka mwisho, na uzito wake ulioandikwa, wa miaka 5 kwa kawaida hana shida. Nyie wakubwa msikikalie.

Na ukikuta ile karavani inayumba mkitembea ndani mwambie aje ashushe na kukaza vile vyuma vya kona nne vinavyoishikilia chini na kuweka vizuizi kwenye magurudumu. Nilishaona mtu kakaa mwisho kabisa wa nyuma, vyuma havijashushwa, pua ikanyanyuka juu na sufuria ya supu ikamfuata.

MamaPacha
Sentimita 183 lala mshazari, waifu umpe pembe iliyobaki 😅 Hapana serious, uliza kama kuna hema la kuunganisha mlangoni, beba godoro lako zuri, kukizidi unahamia huko. Na hizo hatua 30 ni neema, mtoto bado mpelekee ndoo yake ndogo ya usiku.

Dada_Shuka
Ndoo ya usiku, hema, godoro lako, king'ora chako. Hivi anakodi nini hasa? Bado nasimama na hoteli.

Twiga_Mpole
Dada Shuka nimekusikia ila nimeshalipia 🙈 nitaleta mrejesho.

*(wiki tano baadae)*

Twiga_Mpole
Nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Waifu alipoiona alinyamaza kwanza, alafu akaanza kugusa gusa vile vikabati vya mbao na kufungua kila droo, nusu saa nzima hajanikumbuka. Usiku wa kwanza nililala mshazari nikaamka na miguu ukutani na soksi zimelowa maji ya kwenye bati, Kipepeo ulisema. Usiku ule mvua ilipiga, aisee mvua kwenye paa la alumini ni kama mtu anamwaga kokoto, mtoto alifurahi mimi nikawa nahesabu. Usiku wa pili nikahamia kwenye hema na godoro langu, mlango wa karavani wazi, tukaongea mimi niko chini nje wao wako juu ndani mpaka sijui saa ngapi, na hiyo ndo waifu anaihadithia kwa watu. King'ora changu hakikulia, na sasa kinakaa kwenye begi la safari moja kwa moja. Mwenye karavani alikiona kimening'inia kulekule akauliza nimenunua wapi.

Mgongo uliuma siku mbili, umepona.

Sasa Fundi tatizo jipya. Waifu amepata karavani mbovu inauzwa, kuna mtu anayo chini ya mti imejaa majani, anataka tuinunue tutengeneze wenyewe. Ukuta wa chini ya dirisha nimebonyeza kidole kimeingia chote.

Fundi_Trela
Kidole chote??? Fungua uzi mpya mkuu, na weka picha za sakafu kwanza.

Kaa_Kijanja
Nipo pale 😂