"Baseless" ni uongo au ni jambo lisilo na msingi?

Mfasiri_mpya: Wakuu, habari zenu. Nina sentensi "The allegations are baseless". Niandike "tuhuma hizo ni za uongo"? Na neno lenyewe limetoka wapi?

Kalamu_nyekundu: "Uongo" hapana. Baseless haisemi kuwa jambo halikutokea, inasema anayelidai hana ushahidi wa kulisimamishia. Andika "tuhuma hizo hazina msingi". Magazeti yetu hupenda "hazina mashiko", lakini hiyo naona inafaa zaidi kwa hoja dhaifu. "Batili" usiiguse kabisa: hilo ni la mkataba au ndoa.

Mzee_wa_kamusi: Asili: base ilianzia kwenye basis ya Kigiriki, yaani hatua au pa kukanyaga, kisha kitako cha nguzo, ikapita Kilatini na Kifaransa cha kale. Hiyo -less ndiyo inayowachanganya wengi. Si less ya "pungufu". Ni lēas ya Kiingereza cha kale, "bila", ndugu wa -los ya Kijerumani. Kwa hiyo baseless si "yenye msingi mdogo", ni bila msingi hata chembe, na ndiyo maana "very baseless" inakwaruza sikio. Sema completely au entirely baseless. Shakespeare analo kwenye The Tempest, mnamo 1611: "the baseless fabric of this vision". Fabric hapo si kitambaa, ni jengo, kwa hiyo picha ya nyumba isiyo na msingi imo humo humo.

Mfasiri_mpya: Asante mkuu. Na unfounded? Inatokana na find?

Kalamu_nyekundu: La. Ni found, founded, founded: kuweka msingi, kutoka fundus ya Kilatini, sehemu ya chini kabisa. Find, found, found ni kitenzi kingine. Ukiandika "unfound allegations" umekosea. Unfounded ni laini kuliko baseless na huandamana sana na hofu na uvumi: "Her fears proved unfounded", kumbe alihofu bure. "Hofu isiyo na msingi" si kosa, ila "hofu ya bure" ndiyo inayotoka mdomoni.

Mzee_wa_kamusi: Usiichanganye na unsubstantiated. Hiyo ni "hazijathibitishwa", kesho ushahidi unaweza kuletwa. Msemaji akisema baseless amekana kuwa ushahidi upo, akisema unsubstantiated ameacha mlango wazi. Kwenye taarifa kwa vyombo vya habari tofauti hiyo ni kubwa.

Mfasiri_mpya: Basi naweka "Tuhuma hizo hazina msingi wowote."

Kalamu_nyekundu: "Wowote" ifute. Hiyo ni ya completely, na sentensi yako haina.