Pezi gani la SUP litadumu Ziwa Victoria? Naomba ushauri kabla sijaagiza

Kasia_Kisumu
Habarini wadau. Natafuta pezi la SUP (ubao wa kupigia kasia ukiwa umesimama), yaani lile bapa la chini ya ubao linaloufanya ushike mstari, litakaloivumilia Ghuba ya Winam. Huwa naingilia majini Dunga, na mara nyingine nabeba ubao hadi Mbita. Mapezi ya plastiki yaliyokuja na mbao zangu yamekwisha. Moja lilikatika ncha kwenye mawe karibu na Hippo Point, jingine limepinda kwa jua mpaka ubao unavuta kushoto kila nikipiga kasia. Nina ubao mgumu wa epoksi wenye kisanduku kirefu cha pezi katikati (tundu la chini ya ubao ambamo pezi huchomekwa), na mwingine wa kujaza upepo. Hapa mjini sijapata duka la vitu hivi, na gharama ya kusafirisha inaweza kuzidi bei ya pezi lenyewe, kwa hiyo nataka kuagiza mara moja. Rafiki yangu wa Diani anasema nichukue la kaboni kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Mnaonaje?

Upepo_wa_Mbita
Pole ndugu. Kaboni uwaachie wa mashindano. Ni nyepesi na haipindi, lakini ikigonga jiwe ukingo wake unabanduka na nyuzi zinaanza kufunguka. Rafiki yako wa Diani ana mchanga chini yake, huku Mbita na Rusinga ni mawe matupu.

Kama unataka kudumu, chukua la faibaglasi. Uliza kama ni G10, yaani tabaka za kitambaa cha kioo zilizogandamizwa pamoja na resini ya epoksi kisha pezi likachongwa humo. Likikwaruzika unapiga msasa, unapaka epoksi kidogo palipomeguka, unarudi majini. La plastiki ya bei nafuu huwezi kulitengeneza hivyo.

Fundi_Maboti
Nakubaliana na Mbita kuhusu kaboni, lakini kwa faibaglasi nene naomba tuelewane. Ukigonga jiwe ukiwa na mwendo, nguvu ile lazima iishie mahali. Pezi gumu la inchi 9 ni wenzo mrefu, na kama lenyewe halikubali kupinda wala kukatika, kitakachopasuka ni kisanduku. Hapo maji yanaingia kwenye povu la ndani, ubao unakuwa mzito, na kazi yake si ya dakika tano: unakausha, unakata kisanduku cha zamani, unapachika kipya, unafunika kwa faiba upya. Pezi unabadilisha palepale ufukweni.

Kwa sehemu za mawe ningeweka pezi fupi la mpira unaonyumbuka, inchi 4 hadi 6. Likigonga linalala, kisha linasimama tena. Wanaopiga kasia kwenye mito yenye mawe hutumia ya namna hiyo.

Tena kumbukeni kwamba tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020 kuna mahali visiki na nguzo za ua zilibaki chini ya maji. Huvioni mpaka umeshavigonga.

Nyar_Dunga
Kaka, mbona hakuna aliyetaja gugu maji? Asubuhi ziwa limetulia, lakini alasiri upepo wa ziwani unaposukuma magugu kuja upande wetu, pezi lililosimama wima linakusanya mizizi mpaka unahisi mtu amekushika ubao. Tafuta pezi lililolala nyuma sana, ambalo ukingo wake wa mbele umeinama kuelekea mkiani. Mizizi inateleza juu yake na kuachia.

Usalama nao uko hapo. Pezi likinasa karibu na mafunjo, mtu hushuka ili alisafishe. Pale ndipo konokono wa kichocho wanapokaa, na viboko pia. Halafu kuna nyavu za wavuvi. Pezi la wima linanasa uzi na kuukata, na wavu ule ndio chakula cha familia ya mtu. Hata kama lako ni la mpira au la faibaglasi, umbo liwe la kulala nyuma. Kwangu hilo linatangulia ugumu.

Kasia_Kisumu
Asante dada, hilo la nyavu limenigusa. Fundi, nikiweka pezi fupi ubao hautayumba nikienda maji ya wazi?

Fundi_Maboti
Utayumba kidogo, itabidi ubadilishe upande wa kasia mara nyingi zaidi. Kwenye ubao wako mgumu lisogeze pezi nyuma kabisa ndani ya kisanduku, litashika mstari vizuri zaidi. Ukilisogeza mbele ubao unageuka upesi. Ukiweza kumudu mawili, la mpira liwe la ufukweni na la faibaglasi la inchi 8 lililolala nyuma liwe la maji marefu. Kama ni moja tu, na unaingilia Dunga, chukua la mpira.

Ule wa kujaza upepo ni habari nyingine. Kisanduku chake kimegundishwa tu kwenye ngozi ya ubao, kwa hiyo usiweke kitu kigumu na kirefu pale. Vilevile kampuni nyingi zina mfumo wao wa kubana, pezi la huyu haliingii kwa yule. Piga picha, pima upana na urefu wa nafasi, umtumie muuzaji kabla hujalipa.

Upepo_wa_Mbita
Nimeelewa hoja ya kisanduku, Fundi, ingawa kwa Mbita bado nabaki na faibaglasi, kwa kuwa naanza safari maji yakiwa tayari ya kina.

Lile lililopinda usilitupe. Litumbukize kwenye maji ya moto, linyooshe kwa mkono wenye glavu, kisha lizamishe kwenye maji baridi likiwa limenyooka. Litafaa kuwa la akiba. Na usiache ubao juani kwenye keria ya gari pezi likiwa limebanwa na kamba.

Nyar_Dunga
Agiza pia skrubu na kibati chake cha nati, zaidi ya kimoja. Kidude kile kikidondoka ndani ya tope la Dunga hukioni tena.

Kasia_Kisumu
Basi la mpira, lililolala nyuma, inchi 6, na skrubu za akiba. Kesho napima kisanduku cha ule wa upepo na nitaweka picha hapa, Fundi uniangalizie.