Canon 700D, bajeti laki nne: 50mm 1.8, 24mm 2.8 au niachane na lenzi ninunue maiki?

mpigaji_wa_sendofu
Wakuu habari za jioni. Nina 700D na ile lenzi ya 18-55 STM, ya mota tulivu, iliyokuja nayo, narekodi sendofu na kitchen party hapa Dar, harusi mara mojamoja. Shida yangu ni usiku ukumbini, MC akishasema taa kubwa zizimwe zibaki zile za rangi basi video inajaa chengachenga mpaka naona aibu kumkabidhi mwenye shughuli, aiso (ile ya kuongeza mwanga kwenye kamera) nishafika 6400 na bado giza. Nina laki nne tu. Kuna 50mm f1.8 STM ya mtumba nimeiona na kuna 24mm f2.8 STM, wengine wananiambia niache lenzi ninunue maiki na taa. Nifanyeje?

Fundi_Fokasi
50mm, hata usifikirie mara mbili. Lenzi yako ukizumu inaishia f5.6, hii ni 1.8, namba ndogo ndio tundu kubwa, hapo unaingiza mwanga karibu mara 10, yani ulipokuwa 6400 unashuka 800 na picha ina rangi. Ilipotoka 2015 Canon walikuwa wanaiuza dola 125 mpya, kwa hiyo mtumba isikutoe jasho. Ila angalia isiwe ile ya zamani ya II, ile ina mauntingi (pale inaposhikana na kamera) ya plastiki na mota yake inalia kama cherehani, kwenye video haifai kabisa.

Binti_wa_Chumbageni
Kaka Fundi umeshawahi kurekodi kitchen party ya sebuleni wewe 😂 maana mimi ndio kazi yangu hiyo. 700D sensa yake ndogo, picha inavutwa karibu, zidisha 1.6, 50 inakuwa kama 80. Nilienda nayo peke yake shughuli moja ya Tanga, chumba kina akinamama arobaini na mikeka, nikarudi nyuma nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye meza ya masufuria ya pilau na bado namuona bibi harusi kuanzia kifuani kwenda juu, somo anayemfunda pembeni yake hayumo kwenye fremu kabisa. Mama mmoja akaniambia mwanangu utatumwagia chakula. Toka siku hiyo 24mm haitoki kwenye kamera, inakuwa kama 38, unampata bibi harusi, somo wake na kipande cha ukuta, na ni nyembamba kama chapati mbili, watu hawaiogopi.

Fundi_Fokasi
Dada sawa ila tusimdanganye, 18-55 yake akiiweka kwenye 24 tayari ni f4 hivi, kutoka f4 kwenda 2.8 ni mwanga mara mbili tu basi. Giza lake haliishi hapo.

Binti_wa_Chumbageni
Hilo nakubali. Ndio maana natembea na taa ndogo ya LED juu ya kamera, ile ya betri za NP-F, naifunika na kitambaa cheupe isiwachome watu macho. Na hio 1.8 yako mtu akiwa mita 2 sehemu iliyo kali ni kama sentimita 11 tu, bibi harusi akiinama kulia tayari amepotea, na 700D fokasi yake kwenye video inatafutatafuta sana, sio kama 70D au 200D. Mimi 50 naifunga f2.8 nikiitumia.

kijana_wa_likoni
Mimi niko Mombasa, nitawapa njia ya mnyonge. Tafuta Helios 44-2 ya Warusi, 58mm f2, na adapta ya M42 kwenda Canon. Hakuna otofokasi, unazungusha kwa mkono, lakini ringi yake ya mwanga inateleza bila kukwama kwahivyo unafungua na kufunga huku unarekodi na haisikiki. Hizo STM zote ringi ya fokasi ni ya umeme, kamera ikizimika unazungusha hewa. Kwa harusi sikushauri, kwa klipu za wimbo pale Nyali beach jioni utanishukuru.

sauti_kwanza
Mnabishana lenzi, hamjauliza sauti anachukulia wapi. Mkuu, chengachenga mtu atavumilia, baba mzazi anatoa wosia halafu inasikika feni, hakulipi. Nunua BY-M1, maiki ya kubana kwenye nguo, waya wake una mita 6. Usiunge kwenye kamera, unga kwenye simu, rekoda ianze, simu mfukoni kwa MC, piga kofi moja mbele ya kamera ili wakati wa kuediti uoanishe. Mimi mara ya kwanza niliiunga kwenye kamera nikasahau kile kiswichi kiko upande wa simu, 700D haina tundu la hedifoni, sikujua mpaka nimefika nyumbani. Hotuba ya upande wa bibi harusi yote, dakika kumi na kitu, sauti kama mbu kwenye chupa. Niliirudisha hela yote. Na ukiiunga kwenye kamera beba LR44 ya akiba, kibetri kinazingua bila taarifa.

Alafu cheki seting zako, kamera iwe PAL (mfumo wa nchi za 50Hz), fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu ni 50Hz, ukiweka fremu 30 na shata 1/60 zile tyubu za ukumbini zinakuletea mistari inapanda. Hii ni bure.

mpigaji_wa_sendofu
Duh kumbe ile mistari! Nilijua kamera mbovu, niko NTSC, ule mfumo wa fremu 30, mwaka mzima. Swali, mchana nje nikiweka 1/50 si kila kitu kinakuwa cheupe?

Fundi_Fokasi
Ndio, ndipo ND inapoingia, kile kioo cheusi cha mbele ya lenzi cha kupunguza mwanga. Usinunue moja kwa kila lenzi, kipenyo cha mbele cha 18-55 STM ni 58, 24 ni 52, 50 STM ni 49. Chukua ND moja ya 58 na ringi za kupandisha 49-58 na 52-58, ringi ni hela ya chipsi. Zile ND za kuzungusha za bei chee ukizikaza mpaka mwisho zinachora alama ya X katikati ya picha, ishia kabla ya hapo.

mpya_hapa
Samahani nadandia, mimi nina Nikon D3300, hiyo 50mm f1.8D ya bei rahisi itafaa?

kijana_wa_likoni
Hapana ndugu, D3300 haina mota ndani, hiyo D haitafokasi yenyewe. Chukua 35mm f1.8G DX.

mpigaji_wa_sendofu
Mrejesho. Nimechukua 24mm ya mtumba, BY-M1 na kitaa cha LED, laki nne imebaki nauli. Jumamosi Mbagala nimejaribu, aiso 1600, MC alikataa simu mfukoni kwa sababu ya kanzu, nikaifungia kwenye mkono wa kiti cha baba. Imetoka safi ila kiti kinasikika kila baba akikaa na kuinuka. 50 naisubiria mchango wa mwezi ujao, kama kuna mtu anauza na haina ukungu ndani aje inbox.

sauti_kwanza
Kanzu ina mfuko wa pembeni, mwambie MC aache visingizio 😂