Nyumba ya mzee, mafundi watatu, bei tatu: kubadilisha nyaya kunagharimu hivi kweli?

BinCherehani

Wakuu habari zenu. Nimebakiwa na nyumba ya marehemu mzee wangu, ina miaka 60 na ushee. Kuta za mawe, nene kiasi kwamba paka anajinyoosha dirishani na bado nafasi inabaki. Vyumba vitano, dari la mbao, na chumba cha mbele ambacho mzee alikuwa anashonea nguo. Umeme ni ule ule aliowekewa siku ya kwanza, ukijumlisha na viraka vya kila aliyepita humo na bisibisi mkononi.

Wiki mbili zilizopita soketi ya chumba cha kushonea ilianza kunuka. Si moshi, ni kama shombo la samaki, na humo ndani hajaingia samaki. Nikazima mein swichi, nikaifungua. Waya wenyewe hauna plastiki, umevikwa mpira mweusi na juu yake kitambaa cha pamba. Nilipoukunja kidogo tu, mpira ukakatika, ukaanguka mezani vipande vipande kama mkaa, shaba ikabaki uchi. Na kwenye boksi kuna nyaya mbili tu. Ya tatu haipo, wala dalili kwamba iliwahi kuwepo.

Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza alikaa robo saa, akahesabu taa na soketi akiwa amesimama mlangoni, akaniandikia bei nyuma ya risiti. Wa pili bei yake ni mara mbili ya huyo. Wa tatu alikaa karibu saa tatu, akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, na bei yake ni mara tatu na nusu ya yule wa kwanza! Nikamuuliza kama nyaya zake ni za dhahabu. Akacheka, akaniambia nisome karatasi. Karatasi zenyewe kurasa nne.

Sasa nauliza, tofauti ya namna hii ni ya kawaida? Pesa inaingia wapi hasa? Na naweza kufanya chumba kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu? Mdogo wangu anasema natafuta makuu: nibadilishe soketi iliyoungua, nitie breka mpya, maisha yaendelee.


Kibatari

Mkuu chukua wa katikati. Wa chini atakuunguza, wa juu atakufilisi.


ShangaziVolti

Kibatari mwanangu, hiyo ni sawa na kupima miguu ya familia nzima halafu mkanunua viatu vya wastani.

Bin Cherehani, pole kwa kuondokewa na mzee. Nimevuta nyaya kwenye nyumba za watu miaka 27, na nyumba kongwe ndizo zilizonimaliza magoti. Hizo si bei tatu za kazi moja. Ni bei za kazi tatu tofauti. Yule wa robo saa amehesabu anachokiona, taa moja na soketi moja kila chumba, kama mzee alivyotaka miaka hiyo. Lipu hajahesabu, rangi hajahesabu, na kwenye hiyo risiti sidhani kama kuna neno erthi popote, yaani ule waya wa tatu wa usalama usiouona kwenye boksi lako. Ikifika katikati ya kazi ataanza: "bosi, hapa kumeongezeka kidogo." Utakuwa umeshabomoa, huna pa kukimbilia.

Pesa haiko kwenye nyaya. Kwenye nyumba za kuta nene nilizofanya mimi, nyaya na vifaa vyote havijawahi kufika nusu ya gharama. Kinachokula ni ukuta. Chukua swichi moja tu ya taa. Paipu inashuka kutoka darini mpaka usawa wa kifua, tuseme mita moja na nusu. Mtu anapiga mistari miwili kwa grenda, anachonga katikati kwa patasi na nyundo, anazamisha paipu, anachimba tundu la boksi, na jiwe likiamua kubanduka linaondoka na kipande cha lipu upana wa sinia. Halafu kuziba, kusubiri kukauke, kusugua, kupaka rangi, na rangi mpya haifanani na ya zamani kwa hiyo unapaka ukuta mzima. Hapo ni swichi moja na taa haijawaka bado. Sasa hesabu una pointi ngapi.

Kabla hujakubaliana na mtu yeyote, chunguza kama ndani ya kuta kuna paipu za chuma. Nyumba nyingi za umri huo ninazofungua ninazikuta. Fundi akate umeme kabisa, afungue waya mmoja ncha zote mbili, auvute. Ukisogea, umepona: waya wa zamani unakuwa kamba ya kuvutia mpya, na ukuta wako hauguswi. Ukigoma, basi mpira umegandana na paipu au paipu imeoza kwenye kona, na hapo kurasa nne za wa tatu zinaanza kueleweka. Jaribuni njia tatu au nne, si moja. Na hata ukisogea angalieni upana, maana paipu iliyotosha nyaya mbili sasa inatakiwa ibebe tatu.

Vyumba vya nyuma ambavyo huoni aibu navyo, pitisha nyaya juu ya ukuta kwenye mifereji ya plastiki. Si mapambo, lakini unafuta gharama ya kuchimba, kuziba na rangi kwa mkupuo mmoja.

Mdogo wako mwambie hivi. Breka kazi yake ni kuulinda waya usibebeshwe mzigo kupita uwezo. Breka ya ampea 20 haishtuki mpaka ampea 20 zipitwe. Mtu anauawa na sehemu ndogo mno ya ampea moja, na breka imetulia tu. Kinachoona umeme unaovuja ni RCD, swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30. Lakini ukiifunga mbele ya mpira unaobomoka kama ulivyoeleza, itakata kila unyevu ukiingia, na siku ya tatu mtu atachoka ataitoa. Nimeshakuta zilizotolewa hivyo. Halafu kuna kiungo kilicholegea kinachochemka polepole darini. Hicho breka haikioni, RCD haikioni. Pua yako ndiyo iliyokiona. Soketi yenye shombo usiirudishie umeme.


BinCherehani

Shangazi nimekusoma mara mbili. Soketi nimeshaikata.

Umenikumbusha kitu. Mzee alikuwa na holda ya taa yenye midomo miwili: mmoja balbu, wa pili anachomeka waya wa pasi. Akianza kupiga pasi suruali, balbu inafifia, na sisi watoto tulikuwa tunajua pasi imepata moto balbu ikirudi kung'aa. Ndiyo iliyoua nyaya?


ShangaziVolti

Haya, hizo holda nazijua! Imechangia. Pasi ya wati 1000 kwenye volti 230 inavuta ampea nne na kidogo, kwenye njia iliyowekwa kwa ajili ya balbu. Na joto la waya haliendi sambamba na mzigo. Mzigo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Lakini usimtwishe mzee lawama yote. Mpira ule unazeeka hata ukiachwa bila kazi, ndiyo maana ganda la PVC lilichukua nafasi yake.

Balbu kufifia kunanitia shaka zaidi ya pasi yenyewe. Ampea nne peke yake hazifanyi hivyo kwenye waya mzima wa mita chache. Kuna kiungo dhaifu kati ya mein swichi na chumba hicho, na kimekuwa dhaifu tangu wewe mtoto. Kabla ya kufunga mkataba dai nyumba ipimwe kwa mega, kile kipimo cha uzima wa maganda ya nyaya. Balbu zote na vyombo vyote vichomolewe, kipimo kipeleke volti 500 kwenye kila njia, na namba isomwe mbele yako. Chini ya megaomu 1, njia hiyo haifai. Namba haina mdomo wa kukubembeleza ununue.


Mlalavumbi

Mimi ndiye mtu wa chumba kimoja kimoja, miezi 14. Inawezekana, ila kuna mpangilio. Nilianza na chumba cha kulala kwa sababu ndicho nilichokipenda, kosa. Anza na bodi mpya (sanduku la breka), erthi, na waya mkubwa wa kutoka mita, kisha kila chumba kikiwa tayari unakihamishia kwenye bodi mpya. Nisingefanya kinyume nisingelipia kazi ile ile mara mbili.

Weka akiba ya dari. Kwangu fundi alifungua ubao mmoja akaniita nipande nione mwenyewe: viungo vimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa plasta ya kidonda. Ile ya hospitali! Saba vya namna hiyo juu ya sebule peke yake. Hakuna ambaye angevihesabu akiwa mlangoni.

Malipo gawa kwa hatua. Mifereji na paipu zikikamilika, lipa sehemu. Nyaya zikivutwa, sehemu. Fungu la mwisho, na lisiwe dogo, libaki mkononi mwako mpaka karatasi ya vipimo isainiwe. Na kabla hawajaziba ukuta, piga picha kila mfereji ukiwa umeshikiza futi ya kupimia kutoka kona. Mimi sikupiga. Nilipokuja kutundika kioo nikatoboa waya mpya kabisa.

Vumbi la grenda silielezi. Mpaka leo nikifungua kabati la vitabu napiga chafya.


MizaniYaDuka

Nimeuza vifaa vya umeme miaka mingi, sasa nimestaafu kwa hiyo nasema. Pesa yote hiyo inaweza kuishia kwenye waya feki. Upo waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukiutazama kwa macho ni shaba tupu. Sumaku haikusaidii, maana shaba na alumini zote hazishikwi na sumaku. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha.

Njia yangu ilikuwa mizani. Roli la mita 100 la waya mmoja wa milimita za mraba 2.5, shaba peke yake bila ganda inatakiwa ifike kilo 2.2. Roli zima likisoma kilo mbili, limepungua kitu: mita, unene, au shaba yenyewe. Na kama ni ule wa nyuzi saba, kila uzi upime milimita 0.67. Wengi wananenepesha ganda na kukondesha shaba, waya unaonekana mnene mkononi.

Kwa matumizi ya kawaida taa ni 1.5, soketi 2.5, jiko la umeme kuanzia 6 kwenda juu. Fundi akikupa bei bila kuandika namba hizi, hujui unanunua nini.


Kibatari

Nafuta ushauri wangu wa wastani. Nimeenda kunusa soketi zangu zote.


BinCherehani

Narudi na majibu, wiki tatu baadaye.

Nilikaa na daftari nikapita chumba kwa chumba nikiandika pointi ninazotaka mwenyewe. Zilitoka 46, nyumba ilikuwa na 13. Nikawapa mafundi wote watatu karatasi hiyo moja: pointi, unene wa nyaya, erthi, RCD, lipu na rangi ndani ya bei, vipimo mwishoni. Wa kwanza alipiga simu akaniambia kwa masharti hayo bei inapanda, ikapanda mpaka ikampita wa pili. Wa pili hakujibu. Wa tatu aliongeza kidogo kwa sababu ya pointi, akaniambia mengine yote yalikuwa kwenye kurasa zake tangu mwanzo. Nikazitoa droo nikasoma. Kweli yalikuwepo, hata buibui wa darini aliwaandikia mstari: "kusafisha."

Paipu za chuma zipo. Tulijaribu njia nne. Mbili nyaya zilitoka, moja ikagoma kabisa, ya nne ilikatikia ndani na kutuachia kipande cha mpira mkononi. Kwa hiyo vyumba viwili kuta zinasalimika, viwili vinachimbwa, na stoo inapata mifereji ya plastiki. Bei ya wa tatu ikashuka karibu robo. Bado ni kubwa, sitaki kudanganya mtu. Bodi, erthi na chumba cha mbele ndivyo ninavyoviweza mwaka huu.

Mega ilisoma jikoni 0.6. Sebule 0.3. Chumba cha kushonea mshale haukutaka hata kunyanyuka, fundi akagongagonga kipimo akidhani kimekufa, akakijaribu kwenye waya mpya wa kwenye begi lake, kikaruka mpaka mwisho. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Hakusema kitu, akaenda kuchomoa friji.

Kiungo cha Shangazi tumekipata, hatua mbili kutoka mlango wa chumba cha mbele, juu ya dari. Ubao uliokuwa chini yake umeungua duara jeusi, ukubwa wa kikombe. Holda ya midomo miwili nimeiomba fundi asiitupe. Iko kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo.