Moyo umejaa damu, iweje ukose damu?

Ngazi Tatu: Wakuu, habari za jioni. Mzee wa miaka 61 akipanda daraja la Manzese kifua kinambana katikati, mkono wa kushoto unakuwa mzito. Akisimama dakika tatu nne, kwisha. Kapimwa umeme wa moyo akiwa amelala, wakasema uko safi. Sasa damu yote inapita humo humo moyoni, unakosaje damu?

Zamu ya Usiku: Mkuu, ile ya ndani ya vyumba vya moyo inapita njia tu. Ukuta wa moyo ni mnene, hauwezi kujinyonyea ya kuutosha. Unalishwa na ateri mbili (mishipa inayopeleka damu) zinazochipuka kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, juu kidogo ya vali yake, upana milimita 3 hadi 4. Kati ya lita 5 zinazosukumwa kwa dakika, hizo zinachukua kama robo lita.

Utamu uko hapa: msuli ukijikaza unabana mishipa yake wenyewe, hivyo upande wa kushoto hula zaidi moyo unapolegea. Tena hata mtu akiwa amekaa, msuli huo umeshachukua karibu robo tatu ya oksijeni ya damu inayoufikia. Ukitaka zaidi, sharti damu yenyewe iongezeke, mara nne hivi. Kwenye ngazi mapigo yanakimbia, muda wa kulegea unafupika, mahitaji yanapanda. Ateri iliyozibwa asilimia 70 inamtosha akiwa kwenye kochi. Darajani haifui dafu. Ndiyo maana kipimo cha kulala kimetoka safi.

Bomba Kavu: Kama bomba lililoshika kutu?

Zamu ya Usiku: Huo mfano unapotosha. Mafuta yanayoziba yamo ndani ya ukuta wa mshipa, yamefunikwa na utando. Utando ukipasuka damu inaganda hapo hapo, na ateri iliyokuwa imezibwa nusu inafungwa kabisa ndani ya dakika chache. Msuli huanza kufa baada ya kama nusu saa.

Mama Dozi: Huyo mzee asingoje mwezi ujao. Apimwe moyo akiwa anatembea kwenye mashine, na daktari akiona haja afanyiwe angiografia, ile picha ya mishipa ya moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) pale Muhimbili wanayo. Maumivu yakija amepumzika, au yakipita dakika 15, hasa na kijasho chembamba, atafune aspirini miligramu 300 (vile vya 75 ni vinne). Atafune, asimeze vizima, kama hana mzio wala vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Kisha hospitali, na si kwa bodaboda. Ila mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, aspirini msimpe: huenda ni mshipa wa kichwani umepasuka, mpaka apigwe picha ya kichwa ya CT ndipo ijulikane.

Ngazi Tatu: Shukrani. Na shavu la mguu nalo linamuuma akitembea, akisimama linaacha.

Mama Dozi: Basi na ateri za miguu zichunguzwe. Wapime presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, walinganishe. Ya mguu ikigawanywa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.9, huko nako kumeziba.